Namna ya Kutafuta Tangazo Halisi Mtandaoni na Kuibaini Tovuti ya Bandia

Ujumbe wa aina hii huanza kwa namna moja. Huingia katika kundi la WhatsApp la mtaa au la kikoba, ukiwa umepambwa kwa nembo ya Taifa, ukieleza kuwa dirisha la mikopo ya asilimia 10 limefunguliwa na kwamba vikundi vijaze fomu haraka kupitia kiungo kilichowekwa chini. Kiungo kikibonyezwa, hufunguka ukurasa wenye picha za viongozi, nafasi ya kuandika namba ya kitambulisho cha NIDA na, mwishoni kabisa, namba ya simu ya mtu binafsi ya kutumia "ada ya fomu".

Mwenyekiti wa kikundi anayeupokea ujumbe huo saa mbili usiku hana afisa wa kumwuliza. Ofisi ya Kata imefungwa, Afisa Maendeleo ya Jamii yuko nyumbani kwake, na wanakikundi wameshaanza kuuliza kila mmoja atachangia kiasi gani. Hata hivyo, simu ile ile iliyouleta ujumbe inaweza pia kuupima, endapo mwenye simu anafahamu namna ya kuiuliza injini ya utafutaji swali lililonyooka.

Wananchi wengi wanapotafuta jambo katika Google huandika maneno mawili matatu, kwa mfano mikopo ya halmashauri, kisha hufungua tokeo la kwanza. Matokeo ya namna hiyo huchanganya kila kitu: habari za miaka iliyopita, kurasa za watu binafsi zilizonakili tangazo la wilaya nyingine, na wakati mwingine matangazo ya kulipiwa, ambayo hukaa juu kwa sababu mwenyewe amelipia nafasi hiyo. Kuwa juu si ushahidi wa kuwa kweli. Injini hizi hutambua alama na maneno machache maalumu ambayo mtumiaji huyaongeza katika swali lake ili kulibana. Katika makala haya alama na maneno hayo yanaitwa amri za utafutaji. Hazihitaji programu ya ziada wala malipo, na huandikwa katika kisanduku kile kile cha kutafutia.

Amri yenye faida kubwa kuliko zote

Kama mwananchi atakumbuka amri moja tu, na iwe site:. Amri hii huiambia injini isilete chochote isipokuwa kurasa zilizomo katika anwani iliyotajwa. Kwa Tanzania umuhimu wake ni wa pekee, kwa kuwa majina ya tovuti yanayoishia na go.tz yametengwa kwa ajili ya taasisi za Serikali. Yale yanayoishia na ac.tz ni ya vyuo, or.tz ni ya asasi, na co.tz ni ya biashara. Kampuni au mtu binafsi anaweza kununua jina linaloishia na co.tz au com kwa siku moja. Jina la go.tz halinunuliwi dukani namna hiyo.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kikundi anaweza kuandika:

mikopo vikundi wanawake vijana site:go.tz

Matokeo yatakayokuja ni ya tovuti za Serikali pekee: Ofisi ya Rais TAMISEMI, wizara, mikoa na halmashauri. Akitaka kulibana swali zaidi, ataandika anwani ya tovuti ya halmashauri yake badala ya go.tz peke yake. Tovuti nyingi za halmashauri hufuata utaratibu unaotambulika kwa urahisi, yaani jina la mahali likifuatwa na herufi mbili: dc kwa halmashauri ya wilaya, tc kwa mji, mc kwa manispaa na cc kwa jiji, kisha nukta na go.tz.

Zipo kanuni ndogo mbili zinazowaangusha wengi. Kwanza, hakuna nafasi kati ya nukta mbili na neno linalofuata, site: go.tz haifanyi kazi ya site:go.tz. Baadhi ya kibodi za simu huongeza nafasi zenyewe baada ya alama, hivyo ni vyema kukagua kabla ya kubonyeza. Pili, hakuna haja ya kuandika www wala https. Ukiandika site:ajira.go.tz, injini itatafuta pia katika portal.ajira.go.tz na sehemu nyingine zote zilizo chini ya anwani hiyo.

Maneno kamili, na tabia ya Kiswahili

Alama za nukuu huitaka injini itafute maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kijana aliyeomba kazi serikalini huelewa haraka faida ya jambo hili. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutoa orodha za wanaoitwa kwenye usaili kama mafaili ya PDF yenye majina mengi. Badala ya kupitia faili moja baada ya jingine, mwombaji anaweza kuandika jina lake ndani ya alama za nukuu, likifuatwa na site:ajira.go.tz filetype:pdf. Amri ya filetype: hubakiza aina moja tu ya mafaili, iwe pdf, xlsx au docx.

Asipoliona jina lake asikate tamaa mapema. Huenda faili ni jipya mno na injini haijalipitia. Huenda pia jina limeandikwa kwa mpangilio mwingine, la ukoo likitangulia, au jina la kati limefupishwa kuwa herufi moja. Alama ya nyota ndani ya nukuu husimama badala ya neno lisilojulikana, hivyo mtu anaweza kuandika jina la kwanza, nyota, kisha jina la ukoo. Vilevile ajaribu tahajia nyingine: Mohamed na Mohammed, Rehema na Rehma, Aisha na Asha. Hata baada ya hapo, neno la mwisho ni lile lililo katika akaunti ya mwombaji ndani ya mfumo wa ajira, si matokeo ya utafutaji.

Kuhusu lugha, lipo jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa Kiingereza haiwezi kulisema. Maneno ya Kiingereza kwa kawaida hubadilika mwishoni, ilhali ya Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mkopo huwa mikopo, kikundi huwa vikundi, mradi huwa miradi, ushuru hubaki ushuru. Injini za utafutaji zimepiga hatua katika kuielewa lugha yetu, lakini si busara kuzitegemea zitambue kwamba kikundi na vikundi ni kitu kimoja. Dawa yake ni neno OR, likiandikwa kwa herufi kubwa, katikati ya maneno mawili:

mkopo OR mikopo kikundi OR vikundi site:go.tz

Neno "au" halifanyi kazi hiyo; injini hulichukua kama neno la kawaida. Njia hiyo hiyo hutumika pale ambapo jambo moja lina majina mawili: zabuni OR tenda, kiwanja OR viwanja, zahanati OR "kituo cha afya". Na kwa kuwa nyaraka nyingi za Serikali bado hutolewa kwa Kiingereza, anayetafuta taarifa za fedha au ukaguzi afanye utafutaji wa pili kwa lugha hiyo. Ripoti ya ukaguzi wa halmashauri inaweza kufichwa na lugha tu:

"Mamlaka za Serikali za Mitaa" OR "Local Government Authorities" ukaguzi OR audit filetype:pdf site:go.tz

Ripoti hizo ni ndefu na mafaili yake ni mazito kwa bando dogo. Aliye na kifurushi cha kubana ni afadhali alipakue faili mara moja, alihifadhi, kisha atumie kipengele cha kutafuta ndani ya faili kwa kuandika jina la halmashauri yake. Kusoma kurasa mia kadhaa kwenye kioo cha simu kwa ajili ya aya mbili ni adhabu isiyo na sababu.

Tarehe, na kuondoa kisichotakiwa

Matangazo ya zamani huleta usumbufu karibu sawa na yale ya uongo. Tangazo halisi la viwanja la miaka minne iliyopita, likisambazwa leo na mtu asiyeangalia tarehe, linaweza kumtoa mkazi kijijini na kumfikisha makao makuu ya wilaya kwa nauli yake bure. Amri za after: na before: huzuia hilo. Tarehe huandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, anayetaka nyaraka za mwaka wa fedha 2024/2025 anaweza kuandika:

bajeti halmashauri site:go.tz after:2024-07-01 before:2025-06-30

Tahadhari inahitajika hapa. Tarehe inayotumiwa na injini ni ile ambayo injini yenyewe imeikadiria kutoka katika ukurasa, na mara nyingine hukosea. Tena bajeti hujadiliwa na Baraza la Madiwani kabla ya mwaka wa fedha kuanza, hivyo waraka unaohusika huenda ulipandishwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Ni vyema kurudisha nyuma tarehe ya kuanzia, na baada ya kuufungua waraka kuangalia tarehe iliyoandikwa juu ya barua au chini ya sahihi. Hiyo ndiyo tarehe ya tangazo.

Kistari kinachobandikwa mbele ya neno huliondoa neno hilo katika matokeo. Anayetafuta habari za viwanja vya makazi na kuletewa viwanja vya michezo ataandika viwanja -michezo. Amri ya intitle: hutafuta neno katika kichwa cha ukurasa, na inurl: hulitafuta katika anwani yenyewe. Hizi mbili ni za manufaa zaidi kwa waandishi na wanafunzi kuliko kwa mkazi anayetafuta tangazo moja.

Kukipima kiungo kinachotiliwa shaka

Hapa ndipo mwenyekiti wa kikundi anaporudi na ujumbe wake wa saa mbili usiku.

Hatua ya kwanza haihitaji injini yoyote, ni kuisoma anwani. Anwani ya tovuti husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia pale panapotangulia mkwaju wa kwanza baada ya https://. Katika onlinesys.necta.go.tz, mwisho ni go.tz, na mwenye tovuti ni necta. Neno lililo mbele ni chumba kimoja tu katika nyumba ya Baraza la Mitihani. Sasa ichukuliwe anwani ya kubuni kama ajira.go.tz.fomu-mpya.com. Jicho lenye haraka huona ajira.go.tz na kuridhika. Kumbe mwisho wake ni com, na mwenye nyumba ni fomu-mpya; maneno ajira.go.tz yamebandikwa mlangoni kama kibao cha duka la mtu mwingine. Ujanja mwingine ni kutumia kistari badala ya nukta, ili go-tz ifanane na go.tz. Viungo vilivyofupishwa ni vibaya zaidi, kwa sababu huficha kabisa mahali vinapokwenda.

Hatua ya pili ni kukiuliza kiungo bila kukifungua. Mtumiaji hukishikilia kwa kidole hadi chaguo la kunakili litokee, kisha hukibandika katika kisanduku cha kutafutia. Ni lazima akizungushie alama za nukuu, kwa kuwa bila hizo kivinjari kinaweza kudhani ameagiza kufungua tovuti na kikaifungua. Kwa anwani ile ya kubuni, swali litakuwa hivi:

"fomu-mpya.com" -site:fomu-mpya.com

Maana yake ni: nani mwingine ameitaja tovuti hii, mbali na yenyewe? Tovuti ya taasisi halisi hutajwa na magazeti, na wizara, na taasisi nyingine. Tovuti iliyofunguliwa wiki iliyopita kwa ajili ya kukusanya ada za watu haitajwi na yeyote, au hutajwa na waliokwisha kutapeliwa. Swali la pili ni kuona kama kuna ofisi ya Serikali inayoitambua:

"fomu-mpya.com" site:go.tz

Hapo zamani Google ilikuwa na amri ya link: ambayo ilikusudiwa kuonyesha kurasa zilizoweka kiungo cha kwenda kwenye tovuti fulani. Amri hiyo iliachwa mwaka 2017, ingawa bado inatajwa katika miongozo mingi inayozunguka mtandaoni. Njia iliyoelezwa hapa haionyeshi kila kiungo, kwa maana huona tu mahali ambapo anwani imeandikwa kwa maneno, lakini kwa kazi ya kupima ujumbe wa WhatsApp inatosha.

Hatua ya tatu mara nyingi ndiyo inayomaliza shauri. Mwananchi huchagua sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka katika ujumbe wenyewe, huinakili kama ilivyo pamoja na makosa yake ya tahajia, na kuitafuta ndani ya alama za nukuu. Matapeli ni wavivu wa kuandika. Sentensi ile ile inaweza kukutwa katika ujumbe wa mwaka mwingine, ikiahidi mikopo ya taasisi nyingine, au katika tahadhari iliyotolewa na taasisi iliyochafuliwa jina lake.

Na kama maswali yote matatu hayakuleta kitu? Ukimya wa injini hauna maana ya usalama. Ujumbe unaozunguka ndani ya makundi ya WhatsApp hauonekani na injini, na tovuti mpya huweza kukaa siku kadhaa bila kusajiliwa katika faharasa yake. Kikundi kikifika hapo, kisitume fedha wala namba za vitambulisho hadi asubuhi.

Lipo pia jambo la malipo, ambalo hukata mzizi wa fitina hata kabla ya utafutaji. Mikopo ya asilimia 10 hutokana na mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, nayo haina riba. Malipo halali yanayokwenda Serikalini hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Anayetaka fedha iingie katika namba ya simu yenye jina la mtu hakusanyi mapato ya halmashauri, hata ukurasa wake uwe na nembo tatu.

Pale utafutaji unapokwama

Haki inataka isemwe pia kwamba si kila kushindwa ni kosa la anayetafuta. Matangazo mengi ya vijiji na kata huishia katika ubao wa matangazo. Mengine hupigwa picha na kupandishwa kama taswira, na injini huenda isiyasome maneno yaliyomo, hasa pale mhuri ulipokaa juu ya maandishi. Taarifa zilizo ndani ya mifumo inayohitaji nywila hazifikiwi; mzabuni mdogo hatapata kila kitu cha mfumo wa ununuzi wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, kwa kupitia Google, na hana budi kuingia katika mfumo wenyewe. Zipo pia kurasa zilizoondolewa. Kwa hizo, hifadhi ya Internet Archive inayopatikana katika web.archive.org huweza kuwa na nakala ya zamani, endapo anwani ya ukurasa inajulikana. Nayo tovuti ya go.tz, kama tovuti nyingine yoyote, inaweza kuvamiwa. Mkazi akikuta tangazo la kamari katika ukurasa wa ofisi ya umma, ofisi hiyo itashukuru kuarifiwa.

Utafutaji huu una upande mwingine ambao wachache huufikiria. Mtu anaweza kuandika jina lake kamili, au namba yake ya simu, ndani ya alama za nukuu na kuona ni nini kinachojulikana juu yake. Akikuta namba yake ya kitambulisho imeachwa wazi katika orodha fulani, anayo sababu ya kuiandikia ofisi iliyoichapisha akiomba iondolewe.

Waraka wa umma usiopatikana mtandaoni unaweza kuombwa kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mwenye kuzishikilia, na inaitaka ofisi husika ijibu ndani ya siku 30. Barua ielekezwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, itaje waraka unaotakiwa kwa jina na mwaka wake, na mwombaji abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi.

Kwa ujumbe wa kitapeli uliotumwa kwa simu, namba iliyoutuma huripotiwa kwa kuipeleka 15040, huduma isiyo na malipo. Fedha ikishatumwa, aliyeituma apige simu kwa mtandao wake wa simu mara moja kuomba muamala uzuiwe, kisha afike kituo cha polisi akiwa na ujumbe wenyewe bila kuufuta. Vikundi vyenye mashaka juu ya tangazo lolote la mikopo vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata katika saa za kazi, vikiwa na ujumbe huo kwenye simu.